Asilimia Themanini

Ibra, mwezi wa saba, saa saba mchana.
Nje hata kivuli kinatafuta kivuli.
Ndani ya kibanda changu, mita mbili kwa tatu,
kiyoyozi kinakohoa, nami nina bisibisi mdomoni
kama fundi cherehani na pini zake.

Anaingia Kashinde wa Urambo, baibui refu kumzidi,
anaitua simu mezani kwa mikono miwili
kama mtu atuaye bakuli la uji wa moto.
"Imenenepa," anasema.
Kweli imenenepa. Kioo kimeinuka upande mmoja,
mgongo umetuna kama andazi lililosahauliwa mafutani.

Usiibonyeze, dada. Kaa mbali kidogo.
Betri ikifura ni jipu lisilotumbuliwa kwa kucha.
Unaichaji lini?
"Usiku."
Wapi?
"Chini ya mto. Mama mwenye nyumba akisikia mlio anagonga ukuta."
Mpaka saa ngapi?
"Mpaka adhana."

Basi nikaanza, sijui nani aliniomba:
Betri si mtungi wa maji
ujazwe hadi shingoni ndipo moyo utulie.
Ishirini isishuke, themanini isipite,
hapo kati ndipo inapokaa na umri wake.
Ikifika mia na waya bado uko mdomoni
ni mgeni anayepakuliwa mara ya nne
kwa kuwa tu sinia halijaisha.
Na mto! Unamfunika blanketi mwenye homa?
Joto ndilo linaloua, kuliko hata kuidondosha.
Juzi dereva wa lori la tende kaniletea yake,
kaiacha juu ya dashibodi tangu Sinaw,
gundi imeyeyuka, kioo kinaogelea.
Na Mzee Muhanna, huyu wa duka la bakhuri,
aliposikia haipendi joto akaiweka kwenye friji,
kati ya laban na ndimu. Ikatoka jasho ndani, ikafa.
Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Wete:
"Sasa nyie mwataka tuiweke wapi?"

Kashinde akacheka, akaziba mdomo na ushungi.

Nikaikata gundi kwa uzi, polepole,
ya zamani nikaizika kwenye kopo la mchanga.
Mpya ikaingia. Riali sita.
Haya, tano, kwa heshima ya Urambo.
Ikawaka: nembo, mtandao, saa.
Saa nane na dakika kumi.

Akaichukua, akaingia kwenye mipangilio
kidole kikijua njia bila jicho,
akairudisha saa moja nyuma.
Saa saba na kumi.
"Kila ikizima inanihamishia huku," akasema.
"Mwanangu ndiyo kwanza anatoka shule."

Sikuwa na neno la kufundisha hapo.
Nikamwandikia kwenye kipande cha boksi: 20, 80.
Nikamwambia, chaji jikoni unapoosha vyombo,
uwe unaiona.
"Jikoni simu marufuku."
Sebuleni, basi.
Akanitazama kama namfanyia mzaha.
"Themanini hiyo, fundi,
ni ya mtu mwenye soketi yake."
Lakini kile kipande cha boksi alikikunja,
akakitia nyuma ya kava, pamoja na picha.

Niliposhusha mlango ilikuwa saa nne usiku,
bati bado linaunguza kiganja.
Yangu ilikuwa kwenye waya tangu magharibi,
tisini na nne, ya moto kama yai lililoatamiwa,
na mama yangu, Pangani, ananieleza habari za mbuzi wa jirani,
alivyoingia, alichokula, alivyokataa kutoka.
Tisini na sita.
Ukuta uko pale, mkono wangu unafika.
"Unanisikia?" anasema.
Nakusikia, mama.
Tisini na saba.