Ncha ya Tano

Kwenye ukuta wa bwalo la maofisa, Nachingwea,
nembo imetiwa kioo, na chini yake karatasi
iliyopigwa chapa:
Kakakuona: ustahimilivu.
Mstari wa buluu: mto tuliouvuka.
Nyota ya ncha nne: utii, uhodari, siri, subira.
Kapteni kijana ananisomea kwa kijiti
kama mwalimu na ubao.
Naitikia: naam, naam.

Mimi ni mtoto wa cherehani iliyoishona.

Hebu nianze na mnyama.
Alfajiri moja ya Oktoba, mwaka wa sabini na nane,
doria ilimkuta akivuka uwanja wa ndege,
magamba yamejaa vumbi jekundu,
anatembea kama mtu aliyevaa koti la kuazima.
Wakamleta sokoni ndani ya gunia la ufuta.
Maduka yakafungwa. Akawekewa panga, jembe, bakuli la maji,
kama ilivyo desturi, aseme mwaka utakuwaje.
Panga alilinusa, akalipita.
Jembe hakulitazama.
Akaliendea bakuli, la bati, la buluu,
la Binti Nampunju muuza vitumbua,
akanywa, akajikunja, akalala.
"Mvua," wakasema wanawake.
"Ushindi," akasema Sajini Likanga. "Hamkuona? Hakuliogopa panga."
Kila mtu aliondoka na jibu alilokuja nalo.

Usiku ule sajini alibisha hodi kwetu,
kitambaa cha kaki kwapani.
"Bi Somoe, malori yanaondoka saa kumi na moja.
Vijana thelathini na mmoja. Kila mmoja bega lake."
Mama alikanyaga cherehani
mpaka taa ya chemli ikaanza kukohoa.
Mnyama, uzi wa kahawia.
Bakuli, uzi wa buluu, ukingo tu,
maana bakuli zima lingeumaliza usiku.
Kwa nyota akashika kidonge cha njano,
akakitazama, akanitazama mimi niliyejifanya nimelala.

Kwani juzi yake nilianguka kutoka kwenye mkorosho,
kaptura ya shule ikapasuka matakoni,
na mama, kwa hasira, akaitia kiraka kwa uzi wa njano,
mishono minene, safu juu ya safu,
ili dunia nzima ione.

Basi akapima uzi uliobaki kwa dhiraa,
akaugawa mafungu thelathini na moja.
Ncha nne nne. Haki sawa.
Sajini alipokuja kuchukua, hakuhesabu.

Kapteni ameteremsha kijiti.
"Wapo wanaosema," sauti yake imepungua,
"ncha iliyokosekana ni ya wale watano wasiorudi.
Haimo kwenye karatasi, lakini sisi twaiheshimu hivyo."
Nikafungua kinywa.
Nikakifunga.
Mto waliuvuka kweli; bakuli lingenisaidia nini?

Ncha ya tano ya nyota ya kikosi
niliikalia mimi, darasa la pili,
dawati la nyuma, nikikariri jedwali la saba.
Mkwenya, mwana wa Sajini Likanga, tulikaa pamoja.
Alikicheka kiraka changu kila asubuhi,
alinionyesha kwa wasichana, alinibandika jina,
alinicheka mpaka Machi.

Kisha hakunicheka tena.