Jani la Tatu

Ilifika kwa treni ya alfajiri, miche arobaini na minane,
chupa nne ndani ya ndoo, zimeviringishwa khanga.
Mpagazi aliuliza kama ni dawa.
Nikasema ni jabera, maua. Akasema, haya.

Kibarazani kwangu Isevya nikafungua kifuniko cha kwanza.
Hakikunuka kitu, hata udongo.
Mizizi myembamba kama tambi
imezama katika uji ulioganda, mtamu,
ulioilisha tangu siku ya kwanza.
Nikaiosha mmoja mmoja kwa maji ya mvua,
maana uji ukibaki, ukungu nao hula.

Mche wa chupani haujui kufumba vitundu vya jani.
Hauna nta. Haujawahi kuliogopa jua.
Na hii ni Oktoba, Tabora,
upepo unakausha nguo kabla hujashika kibanio cha pili.

Chupa ya kwanza niliiua kwa haraka:
nilitaka ione mwanga. Saa saba mchana
yote imelala, mchicha uliomwagiwa maji ya moto.
Ya pili niliiua kwa huruma:
nailoni nimeifunga kutwa kucha, nanyunyiza, nanyunyiza,
hadi shingo zikaoza palepale zinapogusa mchanga.
Nyamizi, binti wa kaka, akaandika katika daftari la hesabu:
*Waliokufa, 24. Sababu, shangazi.*

Iliyobaki nikaijengea hema la fito,
chini mchanga na pumba za mpunga zilizochomwa.
Siku ya nne nikainua pindo, upana wa kidole.
Siku ya sita, vidole viwili.
Siku ya tisa kiganja, lakini asubuhi tu.
Kashindye fundi pikipiki akachungulia uani:
"Humo hemani kuna mgonjwa?"
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu.

Na hili nililijua kwa kuchelewa:
majani iliyokuja nayo hayaponi.
Yatageuka manjano, yatadondoka, na si kosa lako.
Usiyalilie. Tazama katikati,

pale ambapo jana, kati ya vikonyo vilivyonyauka,
Nyamizi aliona kitu kidogo chenye vinyweleo,
kigumu, kijani cha kiburi.
Hicho hakikuletwa na treni.
Saa saba kilijikunja. Magharibi kikajikunjua.

Akafungua daftari. Lina safu moja tu, ya waliokufa.
Akaomba rula.