Kidole cha Mwisho

Saa tisa mchana, Tampere, na giza limeshaingia.
Sinikka Rautavuori anapigapiga miguu mlangoni kudondosha theluji,
sanduku kifuani, kama aliyebeba mtoto mwenye homa.
"Linavuma," anasema. "Tangu niko mdogo linavuma."
Huku hadithi hazipambwi.
Anakataa kahawa, kisha anakunywa vikombe viwili.

Gitaa la besi la mwaka sitini na sita, la Uswidi.
Wekundu wake umefifia
ukawa rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Baba yake, Taisto, alilipigia tango katika kumbi za mbao
kando ya maziwa, kila Jumamosi ya kiangazi,
ambako watu wasiosemezana wiki nzima
hushikana viuno bila kutazamana.

Nafungua skrubu saba. Ya nane haipo;
mahali pake pana kijiti cha kiberiti.
Ndani: vumbi, harufu ya tumbaku iliyolala,
kapasita ya nta iliyovimba kama kupe aliyeshiba,
na potensiomita mbili zinazokoroma ukizizungusha.
Nazinywesha matone ya dawa,
nazizungusha mara mia, kulia, kushoto,
kama anayembembeleza mzee akubali kuoga.
Kapasita naitoa. Mpya ni ndogo kuliko punje ya mahindi,
inaona haya mle ndani, peke yake.

Koili naipima: mita inasema elfu saba na mia mbili. Hai.
Waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu,
na hakuna hata mmoja uliokatika miaka yote hiyo.
Wengine tumekatika kwa machache.

Nafunga. Nachomeka. Linavuma.

Nazima taa za mirija. Linavuma.
Nageuka nalo, dirishani, ukutani,
kama msafiri anayetafuta kibla. Linavuma.
Kisha, kwa bahati tu, kidole changu cha mwisho
kinagusa bamba la chuma chini ya vitufe.
Kimya.
Nakiinua: linavuma. Nakirudisha: kimya.

Ndipo ninapolitazama bamba lenyewe.
Pembeni, nikeli imelika mpaka kwenye shaba,
duara dogo, laini,
upana wa ncha ya kidole.

Nang'oa daraja, nachungulia. Waya wa ardhi upo,
umekunjwa vizuri, ncha yake haijawahi kuonja risasi.
Kiwandani siku hiyo mtu aliitwa chakula,
au kengele ililia, au alikuwa na mapenzi mapya.
Hakulehemu. Gitaa likapita, likafungwa, likauzwa.

Kitu kisicho na ardhi hulalamika.
Taisto akawa ardhi yake.
Miaka thelathini na minane jukwaani,
vidole viwili vikitembea juu ya nyuzi,
cha mwisho kimelala pale, hakiondoki,
na watu wakasema: ule ndio mtindo wake.
Vijana wakauiga.
Sijui kama mwenyewe alijua.

Pasi ya kulehemu imeshapata moto. Naishika tu.
Kazi ya dakika moja, tone moja.
Sijawahi kuogopa kazi ya dakika moja.
Nampigia Sinikka, namweleza. Kimya kirefu,
kile ambacho huku hakimaanishi simu imekatika.
"Rekebisha," anasema. "Bamba usilisugue."

Msokoto wa moshi. Tone linang'aa, linaganda, linafifia.
Sasa nyuzi zote zina pa kukanyaga.

Anakuja Alhamisi. Analipa taslimu, hataki chenji.
Namwomba alijaribu. Anakaa kwenye stuli yenye madoa ya rangi,
anapiga sauti nne za kupanda, polepole, za tango.
Hakuna mvumo. Chumba kimetulia
hata theluji inasikika ikiteleza paani.
Namwambia: huna haja tena ya kugusa bamba.
"Najua," anasema,
na kidole chake cha mwisho kimeshalala palepale,
ndani ya duara.
Kinaenea.