Namba Kumi na Mbili

Kadutu hakuna tambarare.
Ukiweka sufuria chini, mchuzi unaegemea upande wa ziwa;
ukiweka mpira chini, umeshauaga.
Ndiyo maana timu yetu ilikuwa na watu kumi na wawili:
kumi na mmoja wa kucheza,
na mmoja wa kusimama bondeni, miguu ndani ya mfereji,
audake mpira kabla mto Kawa haujaumeza.

Huyo alikuwa mimi.

Sikuwahi kuona goli hata moja.
Goli nililisikia: kelele juu, kisha kimya,
kisha mpira ukishuka ngazi za udongo,
ukipita mlango wa Mama Nsimire muuza makala,
ukiruka banda la kuku,
ukinijia kama mtu aliyetumwa.
Niliusoma kwa mdundo.
Mdundo mzito: umetoka kumgonga mtu.
Mdundo mwepesi: upepo umeanza kuvuja.
Siku nilipoukosa, tulicheza wiki tatu bila mpira,
yaani tulikaa.

Leo nina meza komini.
Meza ya chini kabisa, karibu na choo,
chumba ambamo karatasi humalizia safari.
Barua huanzia juu, kwa burugumesta,
na kila meza huigonga muhuri, huisukuma:
IMEONEKANA.
IMEONEKANA.
IPELEKWE KWA MHUSIKA.
Ikinifikia imechoka, masikio yamekunjika.
Mhusika ni kabati.

Nilizihesabu siku moja ya mvua, umeme umekatika:
barua arobaini na tatu za kuomba kiwanja.
Moja yaomba wavu tu, “hata uliotumika.”
Moja yauliza kwa nini Nyumba ya Vijana
ina kufuli mbili, na harusi kila Jumamosi,
na maktaba yenye vitabu tisa,
vinne vya ufugaji wa sungura.
Moja ni ya Cishugi, kapteni wetu,
mwandiko wake wa kulala,
herufi zote zinaelekea bondeni.
Jibu lake lipo. Limepigwa chapa, limetiwa sahihi.
Halikutumwa; hapakuwa na pesa ya stempu.
“Kijana, ombi lako linashughulikiwa.”
Cishugi anachimba Kamituga sasa,
au alichimba.

Juzi wakaja wasichana watatu,
jezi za rangi tatu,
namba za mgongoni wameziandika wenyewe kwa kalamu nene.
Mkubwa wao, Ansima, hakuzunguka:
“Papa, barua yetu imefika wapi?”
Nikafungua mdomo nitoe ile sentensi
ambayo meza hii imenifundisha,
na nikasikia mdundo.
Dirishani, nje, juu ya ngazi,
mpira wao wa mifuko na kamba,
waliokuwa wameuegesha kwenye jiwe,
ulikuwa umechoka kusubiri.

Sijui ni mguu upi ulitangulia.
Nilikimbia na kalamu sikioni,
faili la kodi ya soko kwapani,
nikapita kwa muuza mandazi bila salamu,
nikachana suruali ya kazi,
nikaudaka kwa kifua, ndani ya tope,
mita moja,
mita moja tu kutoka majini.

Walinipigia makofi toka juu.
Miaka yote ile, hakuna aliyewahi.

Nilirudi ofisini nimelowa.
Nikaitoa barua yao chini ya rundo,
nikaichanganya na zile arobaini na tatu,
nikazibeba zote kifuani,
na kwa mara ya kwanza katika jengo lile
karatasi zikapanda ngazi.

Burugumesta yuko mkutanoni, wakasema.
Nimekaa mlangoni pake, viatu vinatiririka
juu ya zulia la serikali.
Wanaulizana huyu ni nani.
Sina haraka.
Kusubiri kitu kitakachoshuka
ndiyo kazi niliyosomea.