Dai Namba 40771

Gari la mikate lilirudi nyuma
Jumanne asubuhi, hapa Minas, mbele ya nyumba yangu,
dereva akipapasa miwani yake sakafuni.
Isabella alikuwa ameegeshwa. Injini baridi.
Yeye hakulia. Nililia mimi, dirishani, mswaki mdomoni.

Taa ya kushoto ikamwagika kama chumvi ya mawe,
madigadi ikajikunja hadi ikabusu tairi.
Borgward ya mwaka hamsini na nane,
kijani cha jani la yerba lililokaushwa.

Kampuni ya bima ikamtuma Washington Bentancor,
mkadiriaji, viatu vinang'aa, kishikwambi mkononi.
Akatafuta jina la gari kwenye orodha yake.
Halikuwamo.
Akabonyeza "Nyinginezo".
Mashine ikafikiri kidogo, ikatema thamani:
bei ya friji. Friji ya mlango mmoja.

Kisha barua.
"Baada ya kuzingatia umri, uchakavu na bei ya soko,
gharama ya matengenezo imezidi thamani ya gari.
Linahesabiwa hasara kamili.
Tafadhali wasilisha funguo."

Wasilisha funguo!
Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga.
Hawa wameuona ufa, wakaja na tingatinga.

Nikajibu kwa wino, kurasa nne.
Nimeuza dawa mtaa huu miaka thelathini na sita;
hakuna mgonjwa niliyepata kumwambia:
mzee, vidonge hivi ni ghali kuliko wewe.

Wilmar, fundi wa bodi, alinipa hesabu yake
nyuma ya ukurasa wa kalenda:
siku kumi na tisa, nyundo tatu, mfuko wa mchanga,
na taa kutoka kwa mjane mmoja wa Paysandú
anayefuga kuku ndani ya Isabella wake.
"Kiwanda kilikufa mwaka sitini na moja," akasema,
"lakini bati halina habari."

Wakajibu: tutalipia madigadi ya fiberi.
Nikajibu: nawe ukivunjika mguu, uwekewe wa meza.
Wakajibu: sawa, bati, ila rangi ni upande wa kushoto tu,
maana bima humrudisha mtu pale alipokuwa,
haimpandishi cheo.

Pale nilipokuwa!
Palikuwa na jua la miaka sitini juu ya rangi ile.
Nionyesheni duka
linalouza jua kwa kopo.

Mara ya tatu Bentancor alikuja Jumamosi,
amevaa ndala, chupa ya maji moto kwapani, bila kishikwambi.
Akachutama, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole,
akausikiliza hadi mlio ukaisha.
"Tafuta hati yako ya kwanza," akasema. "Kifungu cha tisa.
Na mimi sijakwambia kitu."
Nikamuuliza kwa nini.
"Kwetu tulizaliwa kumi na mmoja.
Mimi ndiye nilikuwa nyinginezo."

Niliikuta ndani ya kopo la biskuti, chini ya nyuzi,
ina doa la kahawa na sahihi ya karani aliyekwisha kufa:
thamani iliyokubaliwa, tangu tisini na nne.
Si mali ya kutisha,
lakini si friji.

Bati wamelipa. Rangi bado tunabishana,
peso elfu sita na mia mbili, barua ya kumi na moja,
na stempu zangu zinakwisha.
Kushoto anametameta, kulia amepauka,
kama mtu aliyenyoa shavu moja akaitwa simu.

Ile taa ya Paysandú ni ya njano zaidi,
tena imeinama kidogo, inatazama ukingo wa barabara
kana kwamba bado inatafuta kuku.
Jana usiku jirani yangu Haydée alisimama langoni:
"Nélida, hela zote hizo, na gari bado lina chongo?"

Nikafuta kioo kwa kiwiko.
Kengeza, nikamwambia.