Majina ya Vifaru, Ndosho

Kwetu jina halichaguliwi, linakusubiri mlangoni.
Mvulana wa kwanza ni Paluku, apende asipende,
wa pili Kambale, wa tatu Kasereka (ndiye mimi),
wa nne Kakule. Hapo mama akasema basi.

Kwa hiyo msafara ulipokwama mbele ya garaji letu
siku tatu, mazutu yamekwisha,
askari wanafua soksi kwenye ndoo zetu,
nilivitazama vyuma vile nikaona: hawa ni ndugu.
Tumbo moja. Magurudumu sita kila ubavu,
minyororo ileile, injini ileile
inayokohoa moshi kama baba alfajiri.
Kilichotofautiana ni walichobebeshwa.

Paluku alipewa mzinga.
Mrefu, unafika kwenye kona kabla yake.
Watoto wa mtaa walitaka picha naye tu.
Hana mikono. Hajui kuinua kitu wala kukishika.
Akigeuza kichwa, barabara inanyamaza.

Kambale hana mzinga. Alipewa winchi,
kreni iliyokunjwa kama kiwiko cha mtu aliyelala,
na kamba ya chuma nene kama mkono wangu.
Kazi yake ni kwenda baadaye.
Wengine wakisharudi, yeye ndiyo anaondoka.

Kasereka anabeba daraja kichwani, limekunjwa mara mbili.
Akifika korongoni hulilaza,
wenzake wanapita juu, hakuna anayetazama chini.
Nilicheka peke yangu.
Ada ya shule ya Kakule, miaka sita,
niliilipa kwa kuchomelea mageti ya watu.

Na Kakule ana jembe. Jembe kweli, lenye meno,
lakini linalima kilichopandwa na mtu
asiyetaka kuwepo siku ya mavuno.
Anakwenda polepole sana,
kama anayeuomba udongo radhi.

Dereva wa Kambale, Sajini Nlandu, mtu wa Matadi,
Kiswahili chake cha kuokotaokota,
aliniletea ndoano iliyopasuka.
Nikavaa miwani. Nikamuuliza, umeshavuta wangapi?
Akahesabu vidole, akaacha njiani, akaomba sigara.
Akasema: kile cha mzinga kikifa, hakifi kitupu.

Cheche zikaruka.
Nikamwona kaka yangu Kambale, yule wa nyama na damu,
barabara ya Sake, asubuhi ya mvua,
anasukuma chukudu iliyozoea viazi.
Magunia ya makaa ameyaacha kando ya njia
na juu ya ubao Paluku wetu,
amefunikwa kitenge, miguu imezidi.
Kilomita ishirini na saba. Hakumwachia mtu usukani.
Hakuna aliyempiga picha.

Niliichomelea ndoano tabaka tatu,
la nne nikampa bure.

Waliondoka kabla ya jua, Paluku mbele, kama desturi.
Nyuma kabisa yakafuata malori:
la mazutu, la maji, la mikate,
na gari jeupe lenye msalaba, mlango wake umefungwa kwa waya.
Siku tatu yalikuwa pale pale,
yamewalisha, yamewanywesha wote wanne,
na mimi sikuyahesabu.
Hao walikuwa dada zetu. Aibu ikanishika shingoni.
Hata kwenye ubeti wa kwanza hapa sikuwataja:
Masika, aliyepika siku ya msiba.
Kavira, aliyefua kile kitenge.

Mama akatoka kufagia vumbi jeusi,
mawe ya volkano yamesagwa kuwa unga.
Akauliza yule wa kamba anaitwa nani.
Nikamwambia.
Akasimama na ufagio wake, akaitazama barabara ya Sake
mpaka moshi ukaisha.
Kisha akasema, ile ndoano
ungeipiga tabaka la tano.