Kibao cha Kugusia

Kishale kimeganda juu ya jina la marehemu.
Saa mbili asubuhi, steshenari yangu, Barabara ya Kumi na Tano,
mteja kasimama, khanga ya pili kajitupia begani,
anataka barua ya mirathi, nakala tatu,
nami napapasa kibao kama atafutaye funguo gizani:
kidole kinapanda Horohoro, kishale kinashuka Pangani.

Nikakifuta kwa pindo la shati. Nikapuliza.
Nikazima, nikahesabu hadi thelathini, nikawasha.
Nikaiondoa programu yake, nikairudisha.
Nikanawa mikono, maana Mwanakombo alisema ni mafuta ya bajia,
nikanawa tena kwa sabuni ya mche.
Kishale kikarukaruka kama kaa aliyeona mtu,
kikafungua picha za harusi yangu, bila kuombwa,
kikatua kwenye uso wa shemeji, kikakataa kuondoka.

"Chumvi hiyo," akasema Mhina,
aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akabaki saa nzima.
"Tanga hii hata bawaba za milango zinaliwa,
sembuse kitu chembamba kama chapati ya maji."
Yeye analo lile jeusi, nene, la mnada wa kampuni ya mkonge.
Miaka sita kalifunga kwa mpira nyuma ya baiskeli.
Liliangukia mtaroni Kisosora, likaanikwa juani, likawaka.
"Halina sura," akasema, "lakini linajua kazi."

"Na betri yake?" Mwanakombo akamuuliza.
"Ilikufa zamani. Natumia waya."
"Basi hiyo si laptopu, ni pasi."

Tukacheka. Hata mfiwa alicheka, akaziba mdomo kwa khanga.

Mwanakombo anaamini kitu hudumu kwa mwenye kukitunza:
simu yake ya vibonyezo ina mwaka wa kumi na mbili,
hulala ndani ya soksi ya mtoto.
Mhina anasema vitu vya siku hizi
huzaliwa na tarehe ya kufa, ila hawaiandiki kwenye boksi.
Mimi sikuwa na upande. Nilikuwa na deni:
laki moja na ishirini bado kwenye kikoba,
na chombo chenyewe kinataka kutangulia.

Nikampelekea Hatibu Semboja, nyuma ya soko la Mgandini,
fundi asiyetaja bei kabla hajafungua.
Kibao hakukigusa.
Aliiweka laptopu juu ya kioo cha meza,
akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikazunguka kama pia.
"Mashine nzima hulala tambarare," akasema.
Skrubu kumi, akazipanga kwenye kifuniko cha siagi,
akainua mgongo.

Betri ilikuwa imevimba kama andazi.
Miezi sijui mingapi inakisukuma kibao kwa chini,
kimya, unywele kwa unywele,
na mimi juu nakigonga, nakisonya, nakisugua kwa spiriti.

"Usiitoboe, italipuka." Akaibandua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda,
taratibu, kama plasta kwenye goti la mtoto,
akaizika kwenye ndoo ya mchanga nje ya mlango.
Kisha akabonyeza kibao kwa dole gumba:
tik.
Elfu kumi. Betri mpya, mpaka ije kutoka Dar.

Nikarudi na waya wangu. Mhina bado yuko mlangoni.
"Karibu kwenye pasi," akasema, kabla sijaketi.
Nikawasimulia habari ya uvimbe, kwa mbwembwe,
nikiigiza ile pia juu ya kioo.

Mteja hakucheka safari hii.
"Mume wangu alikuwa akivimba miguu," akasema.
"Mwaka mzima tunambadilishia viatu.
Kumbe moyo."

Feni ikazunguka. Mhina akaitazama kopi yake
kana kwamba jina lililopo si lake.

Nikaipeleka kishale pale kilipokwama asubuhi.
Kikaenda nilikokituma.
"Jina lake niliandike kwa herufi kubwa?" nikauliza.
"Kubwa," akasema. "Zote."